Tumekodi hema Bagamoyo tukalala Kigombe na Ushongo, watoto watatu na bibi yao ndani ya Noah: maoni yangu

Mie ni mtu wa Bagamoyo, nimezaliwa hapa na watoto wangu wamezaliwa hapa, na kila likizo ya mwezi wa sita wananiuliza mama tunaenda wapi. Mwaka huu nikawaambia tunaenda Tanga na tutalala kwenye hema. Baba yao alidhani natania, alivoona nimeshatoa kalamu na daftari akakaa tukaanza kupiga hesabu wote. Naandika haya kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta sana mtu wa kawaida aliyewahi kusafiri hivi na familia, anisimulie hema lilikuwaje, choo kilikuwaje, alitumia shilingi ngapi, sikumpata. Nilichopata ni habari za magari ya kukodi Dar na Arusha, yale yenye hema juu ya paa, bei zinatajwa kwa dola tena kwa siku, na hiyo siyo hela ya mtu anayelipa ada za watoto watatu.

Kwahiyo tukaenda kwa jamaa mmoja hapahapa Bagamoyo anayekodisha mahema na vyombo vya kambi. Jina silitaji maana yapo mazuri na yapo mabaya nitakayoyasema. Kwa 30,000 kwa usiku alitupa hema la watu sita, magodoro manne ya sponji ya kukunja, meza, viti vinne, taa mbili za sola, jiko la gesi la plet mbili na mtungi wake mdogo wa kilo 6, deli kubwa la barafu, na turubai. Akachukua na laki moja ya dhamana. Kwa usiku nne, laki na ishirini. Kununua hivo vitu vipya hata hema peke yake ingezidi hapo, na sisi tunasafiri mara moja kwa mwaka, kwahiyo kwenye hilo la kukodi badala ya kununua mpaka leo nasema tulifanya sawa.

Kosa langu ni kwamba nilichukua hema likiwa ndani ya begi lake, limefungwa vizuri, nikasaini nikaondoka. Sikulifungua. Ukienda kukodi, mwambie alisimamishe palepale uani kwake, hata kama anaona unamsumbua. Hesabu fito zote na uzikunje kidogo usikilize kama zinalia, vuta zipu ya mlango mara kumi kwenda na kurudi, angalia vigingi vina urefu gani, halafu omba ndoo ya maji umwage juu ya paa na mtoto mmoja akiwa ndani akuambie wapi panavuja. Robo saa tu. Mie sikuifanya hiyo robo saa na ilinigharimu usiku mzima.

Asubuhi ya kuondoka tulifunga mizigo mpaka Noah ikainama nyuma. Mwanangu mkubwa, ana miaka 11, shule yao walishapelekwa pale Caravan Serai wakafundishwa habari za misafara ya zamani, akawa anatuambia mpagazi mmoja alikuwa anabeba karibu frasila mbili, ni kama kilo 30, kutoka hapa pwani kwenda Tabora mpaka Ujiji kwa miguu. Mama mkwe wangu akamwambia basi shuka na wewe ubebe deli. Lakini kiukweli maneno ya yule mtoto yalinifanya nishushe mabegi mawili ya nguo na televisheni ndogo ya mdogo wake, na hakuna mtu aliyeviulizia safari nzima.

Barabara sina mengi. Bagamoyo mpaka Msata kilomita 64 lami tupu, hapo unaingia barabara kuu ya kutoka Chalinze, unavuka Wami, Mkata, Kabuku mpaka Segera unakata kulia. Tochi za trafiki za kupima mwendo ni nyingi, ukiona kibao cha 50 shuka 50 kweli kweli, maana faini moja ya 30,000 ni usiku mmoja wa hema umeondoka. Muheza tulisimama kununua machungwa, mwezi wa sita yanamwagika, ukitaka kujaza kiroba unajaza. Saa saba tuko Tanga mjini, tukapita Ngamiani kununua mchele, nazi, nyanya, ndimu, na saa kumi tuko Kigombe, barabara ya Pangani.

Hapo kambi yenyewe ni uwanja wa mivinje na minazi mbele ya bahari, kuna choo cha kuvuta maji, bafu mbili, bomba, na mlinzi usiku. Mtu mzima 10,000, mtoto 5,000, yule wa miaka mitatu hawakumhesabu. Elfu 40 kwa sisi wote. Choo kilikuwa kisafi, nililiangalia hilo kabla hatujashusha hata kijiko, na nakushauri ufanye hivohivo, kwa sababu ukiwa na bibi mwenye magoti na mtoto mdogo choo ndo kinaamua mnakaa au mnageuza.

Sasa usiku wa kwanza.

Mwezi wa sita kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inavuma, wa pwani wote tunajua, lakini kuijua kusi ukiwa ndani ya nyumba ya matofali na kuijua ukiwa ndani ya kitambaa ni vitu viwili. Tulisimamisha hema mlango ukiangalia bahari ili watoto waone maji asubuhi. Vigingi vilivokuja na begi ni vile vyembamba kama penseli, vifupi, tukavipigilia kwenye mchanga, tukaona vimeingia tukaridhika. Tukala, tukaswali, tukalala. Kwenye saa nane usiku upepo ukaanza kuingia kwa mlangoni, hema likajaa kama tanga la jahazi, kigingi kimoja kikachomoka kikafuatana na cha pili na cha tatu, upande mzima ukatulalia usoni, na kwenye giza nikasikia kah! Fito imepasuka. Yule wa miaka saba alilia mpaka akakwama pumzi, mie nimemkumbatia mdogo, baba yao yuko nje na tochi mdomoni anashika kamba ambazo hazina pa kufungwa. Tukahamia wote kwenye Noah alikolala bibi, watu sita, tumekaa wima mpaka adhana ya alfajiri kijijini.

Nilikuwa na hasira na yule jamaa wa hema sana. Vigingi vile ni vya udongo mgumu, vya bara huko, mtu anayekodisha mahema Bagamoyo anajua wateja wake wanaenda ufukweni, alitakiwa aseme. Na ile fito kulipokucha tukaona ilishapasuka zamani, ilikuwa imezungushiwa selotepu nyeusi, yani alijua.

Aliyetuokoa ni mzee mlinzi. Alikuja asubuhi tukiwa tunaangalia lile lundo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Limewashinda?"

"Limetushinda baba, vigingi havikai."

"Havitakaa. Mchanga haushiki kigingi mwanangu, mchanga unashika mzigo. Mna viroba?"

Tulikuwa navyo, viroba vidogo vya mchele na kile cha machungwa na mifuko mingine ya kubebea. Akatuonesha. Unajaza kiroba mchanga nusu, unafunga kamba ya hema kiunoni mwake, unachimba shimo mpaka karibu na goti, unakilaza kiroba humo kikiwa kimekaa mkingamo na kamba, unafukia unakanyaga. Ukiivuta kamba ni kama umefunga kwenye mti. Sita tulifukia, kila kona na mbili za upande wa upepo. Halafu akatugeuzia hema, mgongo kwa kusi na mlango upande wa nchi kavu, akatusogeza nyuma ya mivinje. Na akatuonesha mstari wa mwani uliokauka juu ya ufukwe, akasema huu ndo mpaka, na sasa mwezi unakaribia kujaa, bamvua hii maji yatapanda yaupite, nyie mlilala chini yake. Tanga bamvua inaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwahiyo hata kama upepo usingekuja usiku ule, siku mbili mbele tungeamshwa na maji. Kingine alichotukataza ni kuweka hema chini ya mnazi, nazi moja ikidondoka kutoka juu kule kitambaa hakizuii kitu.

Fito aliifunga kwa kipande cha bomba la maji kilichopasuliwa kwa urefu, akakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli akaukaza. Ilidumu mpaka mwisho wa safari. Tulimpa kitu kidogo na sahani ya wali, akashukuru akaondoka.

Nikampigia yule jamaa simu asubuhi ileile nikamweleza yote bila kupunguza. Hakubisha. Alisema dada nisamehe, ile fito nilisahau kuitoa, usiku wa jana usiuhesabu. Nimeliandika na hilo kwa sababu lilinipoza, wako wengi wangekata simu.

Baada ya hapo hema lilikuwa zuri kwa kweli na nataka nilisemee haki yake. Sakafu yake ni ile nzito ya plastiki iliyopanda kama beseni pembeni, mchanga na mdudu havipiti, na madirisha yote yana wavu wa mbu mzima usio na tundu hata moja, nilikagua kwa tochi. Ule wavu ndo uliotupa usingizi. Turubai la chini hakikisha halitokezi nje ya hema, likitokeza mvua ikinyesha linakusanya maji linayaingiza chini yenu, sisi tulilikunjia ndani pande zote. Usiku mwingine kulinyesha manyunyu, halikuvuja. Ila alfajiri paa lilikuwa linatoa matone kwa ndani nikadhani limetoboka, kumbe ni pumzi zetu wenyewe, tulifunga kila kitu kwa kuogopa baridi. Ukiacha matundu ya juu wazi hiyo haitokei. Zipu ya mlango ilikuwa inakwama kwa chumvi na mchanga, nikaipaka mshumaa juu chini ikateleza. Na hilo neno la watu sita lisikudanganye, watu sita ni kama mmepangwa kama dagaa, hakuna anayegeuka. Wazazi wawili na watoto watatu tulienea na mabegi miguuni, angekuja na bibi humo tusingelala.

Bibi ana miaka 67, kuinama mpaka chini na kuinuka asubuhi kwenye godoro la chini asingeweza, na hilo ndo lilikuwa linanipa mawazo kabla ya safari. Noah ilituokoa. Viti vya kati na vya nyuma vinalala vinakuwa kitanda kimoja kirefu, tukaweka sponji mbili juu yake kuziba yale mabonde, shuka, mto wake wa nyumbani. Vioo viwili vikashushwa vidole vinne na chandarua cha zamani nilichokikata kikabanwa na mlango, upepo unapita mbu hapiti. Anakaa ukingoni anavaa ndala anashuka. Asubuhi ya pili aliniambia mwanangu mie hapa nalala kuliko kwangu, na nilifurahi jamani, kwa sababu ndugu wawili walishanisema namtesa mama wa watu.

Chakula ndo tulifaidi. Kigombe ni kijiji cha wavuvi, asubuhi mashua zinarudi unasimama pale na beseni lako. Tulipata changu, tasi, siku moja ngisi. Bibi alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi kutoka nyumbani, wali wa nazi, samaki wa kupaka kwa makaa tuliyonunua kijijini, mchana mihogo na kachumbari. Mvuvi mmoja akamsimulia mwanangu habari za silikanti, yule samaki wa vilindini ambaye wataalamu duniani walidhani alishakwisha mamilioni ya miaka iliyopita, akaja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na baadaye huku Tanga wakawa wananaswa kwenye nyavu mpaka serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa jina lake. Mtoto alikaa mdomo wazi. Kila samaki aliyeletwa baada ya hapo anauliza huyu ndo yeye?

Lile deli lilikuwa zuri kuliko vyote kwenye kifurushi. Tulitoka nyumbani na chupa nane za lita moja na nusu zilizogandishwa, hazimwagi maji kwenye nyama na zikiyeyuka unakunywa, mpaka siku ya tatu kulikuwa na barafu katikati. Jiko la gesi lilitumika chai na uji tu na mtungi ulirudi na gesi. Niseme kitu hapa, mtungi kwenye gari lenye watoto usafiri umesimama wima, umefungwa usiyumbe, valvu imezibwa kabisa na regyuleta imetolewa, na dirisha wazi kidogo. Usiwashe jiko ndani ya hema hata kama mvua inanyesha, hewa yake chafu inaua hata kama huoni moshi, na kitambaa kile kinashika moto mara moja. Yule jamaa hakutuambia neno moja kuhusu hilo wakati anatukabidhi, na alipaswa.

Siku ya pili tulitembea. Amboni iko kama kilomita nane kaskazini ya Tanga mjini njia ya Horohoro, mapango ya mawe ya chokaa, giza na popo, muongozaji anawasimulia mizimu na habari za Osale Otango aliyejificha humo enzi za mkoloni. Wadogo waliogopa, mkubwa hakutaka kutoka. Bibi alibaki nje kwenye kivuli, humo kuna sehemu za kuinama na kuteleza usimpeleke mtu wa magoti. Wakati wa kurudi tukapita Tongoni kuona magofu, makaburi yenye nguzo na msikiti wa kale, kimya kabisa, na kwa watoto waliozoea magofu ya Kaole kwetu Bagamoyo walikuwa wanalinganisha wenyewe bila kuambiwa.

Usiku wa tatu na wa nne tulihamia Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani. Tulipovuka sisi ni kwa kivuko, abiria wote mnashuka dereva anaingiza gari peke yake, mtoto mshike mkono. Kutoka Bweni, pale kivuko kinaposhusha, kwenda Ushongo njia ni ya vumbi na mchanga na Noah yetu iko chini, karibu na ufukweni tukazama. Vijana wawili wakatuambia punguza upepo kwenye tairi, tukapunguza kila moja mpaka ikalala kidogo, ikatoka yenyewe bila kusukumwa. Kumbuka tu kujaza tena ukifika kwenye lami, beba pampu ya mguu. Ushongo ni pazuri mno, mchanga mweupe, watu wachache, bei ya kambi ileile, ila maji ya bomba yalikuwa ya chumvi chumvi na kijiji hakina vitu vingi, kama hukununua Pangani mjini utakula ulichobeba. Watoto walitaka sana kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kinachofunikwa maji yakijaa, lakini kusi ilikuwa imekaza na nahodha mwenyewe akasema leo na watoto hapana. Nilimheshimu kwa hilo, angeweza kuchukua hela yetu.

Hela sasa. Hema na vyombo laki na ishirini tuliyolipa mwanzo, kambi siku nne laki na sitini, mafuta kama laki mbili na thelathini na tano kwa mzunguko wote, chakula laki na themanini, na viingilio, kivuko na vidogo vidogo elfu 45. Jumla 740,000 watu sita siku tano. Vyumba viwili vya gesti ya heshima vingekuwa laki nne na themanini kwa siku hizo nne na sisi kulala kumetugharimu laki mbili na themanini, kwahiyo kwenye kulala tuliokoa laki mbili tu. Pale tulipookoa ni jikoni. Kulisha watu sita mahotelini mara tatu kwa siku, hata ukila kwa kujibana, usingefika siku ya tatu na hizo laki na themanini. Kama hutaki kupika safarini basi hema halitakusaidia sana, bora utafute gesti upumzike.

Tulirudi Jumatatu jioni, hema tukalianika uani siku nzima ya Jumanne, tukalikung'uta mchanga, tukalifuta chumvi kwa maji baridi, ndo tukalipeleka. Safari hii nilimwambia alifungue mbele yangu. Tukalisimamisha wote wawili, nikamuonesha ile fito na lile bomba la yule mzee, nikamuonesha zipu, nikamwambia viroba sita vitupu viwe ndani ya kila begi na vile vigingi vya penseli avitoe. Alikuwa anaandika kwenye simu yake. Akarudisha laki moja yote ya dhamana na elfu thelathini ya usiku ule kama alivoahidi. Mwezi wa kumi na mbili tunataka kurudi na familia ya shemeji yangu, mahema mawili, kusi itakuwa imeisha na kaskazi imeingia labda Maziwe tutafika, nimemlipa elfu hamsini ya kushikilia nafasi na tumekubaliana siku ya kuchukua mzigo naenda saa nne asubuhi na ndoo yangu ya maji.